Keki ya Boga Juu ya Makala: Tumeonja Vitamu vya Halloween Bukavu

Kama una boga jikoni na ulikuwa unataka kulichemsha leo pamoja na maharagwe, liache kwanza! Nimetoka kuonja keki ya boga iliyookwa juu ya mbabula, ndani ya sufuria ya bugali, bila oveni wala umeme, na vidole vyangu bado vinanukia mdalasini. Ni laini, ina unyevu, na rangi yake ya chungwa iliyokolea inaonekana tangu mlangoni. Chini imeshika ukoko mwembamba wa sukari iliyoungua kidogo, ule ukoko ambao watoto huugombania. Nalisema mapema kwa ajili ya wale wasiofika mwisho wa maandishi haya: hiki ndicho kitamu kipya kilichonifurahisha kuliko vyote mwaka huu, na sehemu kubwa ya vinavyohitajika unavipata ukishuka tu sokoni Nyawera.

Lakini keki haikuja peke yake. Lilikuwa sinia zima! Mandazi ya boga yaliyokatwa kwa umbo la mizuka. Biskuti za unga wa mihogo na karanga zenye umbo la vidole vizito vyeusi. Nanasi la kisiwa cha Idjwi lililogeuzwa kahawia kwa sukari. Mbegu za boga zilizokaangwa kwa chumvi na pilipili kidogo. Vyote vimetoka kwenye moto mmoja wa makala, na vyote vimepikwa kwa ajili ya usiku wa tarehe 31 Oktoba, usiku ambao wengi wetu hapa Bukavu tunaujua kupitia filamu na simu: watoto wa Marekani wamevaa mavazi ya kutisha, wanabisha hodi nyumba hadi nyumba wakiomba peremende.

Najua utakachosema, mama. Utasema hayo ni mambo ya wazungu, tena ya mashetani. Nipe dakika moja. Sikukuu hii haikuzaliwa Marekani. Ilitoka Ireland na Scotland, ambako watu wa kale walikuwa na Samhain, siku ya kufunga mavuno na kuingia majira ya baridi. Kanisa likaweka Sikukuu ya Watakatifu Wote tarehe 1 Novemba, na jina Halloween maana yake ni mkesha wa sikukuu hiyo hiyo. Siku inayofuata, tarehe 2, Wakatoliki wanawaombea marehemu. Uingereza ya zamani maskini walipita milangoni siku hizo wakiahidi kuziombea roho za marehemu wa nyumba, na wenye nyumba wakawapa vikeki vidogo vyenye viungo. Kwa hiyo kitamu kilikuwepo kabla ya barakoa! Na kwa mji wetu, ambako asubuhi ya tarehe 1 Novemba wengi wanapanda Kanisa Kuu la Notre-Dame de la Paix kwa misa, kuoka keki jioni iliyotangulia hakumkosei mtu yeyote.

Na boga? Hapo ndipo inapofurahisha zaidi. Waairishi walikuwa wakichonga taa zao kwenye mboga ngumu ya mizizi iitwayo tanipu. Walipohamia Amerika katika karne ya 19 wakakuta maboga, makubwa na rahisi kuchonga, na tangu hapo boga ndilo alama ya sikukuu. Basi sisi wa Kivu Kusini, ambao maboga yanatambaa mashambani mwetu Kabare na Walungu katikati ya maharagwe na mahindi, tulikuwa na kiungo kikuu tayari. Kilichokosekana ni wazo tu.

Sasa twende kwenye jiko, kwa sababu hapa ndipo nilipoingia na mashaka na kutoka nikipiga makofi. Kuoka keki bila oveni si jambo jipya mjini, akina mama wameoka gato za ubatizo na komunyo juu ya makala kwa miaka mingi. Lakini keki ya boga ni nzito, ina maji mengi, na nilidhani itabaki mbichi katikati. Haikubaki! Siri iko kwenye mpangilio wa moto. Unachukua sufuria kubwa nzito, unatandika ndani mchanga mkavu uliochekechwa, unene wa vidole viwili hivi. Unaipasha moto dakika 10. Unaweka juu ya mchanga sufuria ndogo yenye keki, unafunika ile kubwa kwa mfuniko wa bati ulio bapa, kisha unapanga makala yanayowaka juu ya mfuniko. Theluthi moja ya makala inabaki chini, theluthi mbili zinakwenda juu. Watu wengi hufanya kinyume chake, ndiyo maana keki zao huungua tako na kubaki nyeupe usoni. Mchanga unapunguza ukali wa moto wa chini na kuusambaza sawasawa, na makala ya juu yanaipa keki rangi.

Kuna jambo jingine ambalo vitabu vya mapishi vya Ulaya havitakuambia, kwa sababu vimeandikwa na watu wanaoishi chini, karibu na usawa wa bahari. Bukavu iko kama mita 1,500 juu ya usawa huo. Hapa maji yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, si 100, na hewa ni nyepesi zaidi, kwa hiyo gesi ya hamira ya keki inavimba haraka kuliko unga unavyoweza kushika. Keki inapanda kwa fujo, halafu inaanguka katikati. Dawa yake ni rahisi: punguza hamira ya keki kwa robo, punguza sukari kidogo, ongeza kijiko kimoja au viwili vya maji au maziwa. Boga lenyewe linasaidia kwa sababu linashika unyevu. Keki yetu ilipanda taratibu, ikatulia, haikuanguka hata kidogo. Nilitaka kuruka!

Ladha sasa. Keki ya boga ndiyo malkia wa sinia. Utamu wake si wa sukari tupu, una utamu wa pili unaokuja nyuma, wa boga lenyewe, halafu tangawizi inakukwaruza kidogo kooni, halafu mdalasini unafunga mlango. Ukiikata ikiwa bado moto inavunjika, ivumilie ipoe. Kesho yake ni tamu zaidi, kwa kuwa viungo vimekwishaingia. Na nimegundua mwenzi wake: mashanza! Ndiyo, yale maziwa mazito yaliyoganda ya Bashi. Yapigepige kwa asali mpaka yawe laini, yapake juu ya keki iliyopoa. Uchachu wake mdogo unaikata sukari, na hutatamani tena ile krimu ya kutengenezwa kwa margarini inayobaki imeganda kwenye kaakaa.

Mandazi ya boga yanashika nafasi ya pili, tena kwa karibu. Boga lililopondwa linachukua nafasi ya sehemu ya maji kwenye donge, na donge linakuwa la manjano na laini sana. Ukilikata kwa kisu katika umbo la mzuka, kichwa cha mviringo na pindo la chini lenye mawimbi, halafu ukatoboa macho mawili kwa kifuniko cha kalamu kilichooshwa, mafuta ya moto yanamvimbisha mzuka mpaka anakuwa na tumbo. Watoto walicheka kabla ya kula. Kwa chai ya asubuhi, mandazi haya yanayashinda yale ya kawaida, na yanakaa laini mpaka jioni.

Mbegu za boga sitazisemea sana: zioshe, zianike, zikaange bila mafuta mpaka zianze kuruka, tia chumvi na pilipili. Zinaliwa zote kabla wageni hawajaketi. Nanasi nalo halihitaji wakili. Mananasi ya Idjwi yanajulikana ziwa zima, yanashuka na boti pamoja na kahawa ya kisiwa, na ukipanga vipande chini ya sufuria juu ya sukari iliyoyeyushwa, ukamwaga uji wa keki juu yake, ukapindua baada ya kuiva, unapata uso unaong'aa ambao hakuna rangi ya dukani inayoweza kuuiga.

Sasa vile vidole. Duniani kote biskuti hizi zinaitwa vidole vya mchawi, na kucha yake ni lozi nzima. Hapa tumezipa jina jingine, na naomba msomaji aelewe kwa nini. Kwetu Kivu Kusini uchawi si mchezo wa jioni moja. Mwaka 2021 akina mama wazee waliuawa katika vijiji vya jimbo hili, vikiwemo vya Kalehe, baada ya kusingiziwa uchawi. Watoto nao wamefukuzwa nyumbani kwa shutuma hizo hizo, hata sheria ya kumlinda mtoto ya Januari 2009 ikalazimika kukataza kumshutumu mtoto kuwa mchawi. Sioni sababu ya kumwekea mtoto wa Panzi au Kadutu neno hilo kwenye sahani yake. Kwa hiyo tumeoka vidole vya gorila!

Na vimependeza kuliko vya asili. Hifadhi ya Kahuzi-Biega, iliyoanzishwa mwaka 1970 na kuingizwa katika urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 1980, ipo mlangoni petu, na gorila wake wa nyanda za chini za mashariki ni fahari ya jimbo. Donge la mihogo na karanga linatiwa unga wa kakao na kijiko cha kahawa kali mpaka liwe jeusi. Unalisokota kwa viganja, unalibana sehemu mbili ili viungo vya kidole vitokeze, unachora mikunjo kwa kisu, na kwenye ncha unasukuma nusu ya karanga iwe ukucha. Vikitoka motoni vimepasuka pasuka, na hiyo mipasuko ndiyo inayovifanya vionekane vya kweli. Vinavunjika kwa mlio, karanga inakuja kwanza, kahawa inafuata. Mtoto mmoja alikishika, akakitazama, akauliza kama gorila mwenyewe yuko salama, halafu akakimaliza. Na kwa kuwa havina ngano, hata asiyeweza kula ngano anakaribishwa.

Hapa kuna onyo. Unga wa mihogo wa bugali, ule uliolowekwa, una harufu ya uchachu ambayo kwenye bugali tunaipenda lakini kwenye biskuti inapigana na kakao. Ukaange kwanza kwenye sufuria kavu kwa moto mdogo, ukikoroga bila kuacha, mpaka harufu ipungue na unga uanze kunukia kama karanga. Bora zaidi utafute unga wa mihogo mitamu iliyokaushwa bila kulowekwa. Usijaribu kuruka hatua hii, utaisikia ladha yake mpaka kesho.

Sokoni je? Maboga, karanga, mayai na asali unavipata Kadutu na Nyawera, na ukiamka mapema ukashuka Beach Muhanzi utayakuta mananasi yakiteremshwa. Chagua boga gumu, zito kwa ukubwa wake, lenye mkia mkavu, maana lenye mkia mbichi lina maji mengi na utamu mdogo. Unga wa ngano, hamira ya keki, mdalasini na kakao ndivyo vinavyotoka mbali na ndivyo vinavyokula pesa. Tangu Februari 2025, vita vilipoingia mjini na benki zikafunga milango, kila familia inahesabu noti kabla ya kununua mayai, na mimi sitamwambia mtu atumie asichokuwa nacho kwa ajili ya sikukuu ya kuazima. Ndiyo maana sinia hili limenifurahisha: boga moja la wastani linatoa keki, mandazi na mbegu, na ganda linabaki kuwa taa. Ukitaka kubana zaidi, acha kakao na utumie kahawa pekee, na uchague mandazi badala ya keki, kwa sababu hayahitaji yai.

Taa yenyewe usiipuuze! Kata kofia ya boga, toa nyama kwa kijiko, acha ukuta wa unene wa kidole, chora macho na meno kwa ncha ya kisu, weka mshumaa ndani. Umeme ukikatika, kama unavyokatika, nyumba ya jirani inabaki gizani na yako ina uso unaotabasamu mezani.

Sasa kasoro, maana sifa bila kasoro ni matangazo ya biashara. Kwanza, makala. Kazi hii inayala, na makala ya Bukavu yanatoka kwenye misitu inayozidi kukonda, mengine ndani ya hifadhi yenyewe tunayoiimbia sifa kwa biskuti. Oka kila kitu kwa moto mmoja: keki kwanza wakati moto ni mkubwa, biskuti baadaye unapopungua, mbegu mwishoni. Pili, moshi. Okea nje au mlango ukiwa wazi, kwani gesi ya makala kwenye chumba kilichofungwa inaua kimya kimya. Tatu, muda. Kuchonga, kuponda, kuoka na kupoza kunakula alasiri nzima, kwa hiyo huu si upishi wa siku ya kazi. Nne, macho ya mizuka yanaziba ukikaanga kwenye mafuta yaliyopoa, hakikisha mafuta ni ya moto.

Kwa wenye haraka, vipimo vya keki ndivyo hivi, kwa sufuria ya sentimita 22 mpaka 24. Boga lililochemshwa, likakamuliwa maji na kupondwa, gramu 250. Unga wa ngano gramu 250. Sukari gramu 160. Mafuta mililita 120. Mayai 3. Hamira ya keki kijiko cha chai kimoja na nusu. Mdalasini kijiko cha chai kimoja, tangawizi mbichi iliyokunwa kijiko cha chai kimoja, chumvi kidogo. Piga mayai na sukari mpaka povu liwe jeupe, tia mafuta, tia boga, kisha unga uliochanganywa na hamira na viungo. Koroga mpaka unga usionekane, basi, usiendelee. Paka sufuria mafuta na unga, mimina, oka dakika 45 mpaka 55. Usifunue kabla ya dakika 30. Choma kijiti katikati: kikitoka kikavu, imeiva.

Kwa vidole vya gorila: unga wa mihogo gramu 200, karanga zilizosagwa gramu 100, margarini gramu 100, sukari gramu 80, yai 1, kakao vijiko viwili vya mezani, kahawa kali kijiko kimoja cha mezani. Kanda, pumzisha nusu saa, sokota, weka kucha, oka dakika 20 kwa moto mdogo. Donge likikatika katika, ongeza kahawa kidogo kidogo.

Nani asijisumbue? Yule anayetaka gato ndefu ya ghorofa tatu yenye krimu na maua, kama zile za harusi. Hii si yake. Hii ni ya mwenye watoto wengi, mbabula moja na boga moja. Ni ya mwanafunzi anayetaka kuuza kitu kipya mlangoni mwa shule. Ni ya mama anayepika mandazi kila asubuhi na amechoka na mandazi yale yale.

Na kama tarehe 31 Oktoba bado inakukera, usiishike! Congo ina siku yake ya walio hai na waliokufa, tarehe 1 Agosti, Sikukuu ya Wazazi: asubuhi tunafyeka na kusafisha makaburi ya wazazi waliotutangulia, mchana tunakaa na wale tulionao bado. Sijui meza gani ingestahili zaidi keki ya boga kuliko hiyo. Bonana nayo haiko mbali na Novemba.

Uamuzi wangu: keki ya boga, ichukue bila kufikiri mara mbili. Mandazi ya mizuka, yafanye kila wiki, yawe na macho au yasiwe nayo. Vidole vya gorila, vioke pale tu unapokuwa na unga wa mihogo usiochacha. Mavazi ya kutisha na peremende za dukani, waachie wenyewe. Sisi tushike boga, na kesho asubuhi kabla jua halijawa kali, shuka sokoni ukachague lako lenye mkia mkavu.